Cherehani ya Mzegamzega

Kompyuta ya mjukuu wangu ilikuja na mfumo wake ndani, umewekwa huko huko ilikotengenezwa, na mfumo huo ukakataa kabisa kuelewana na mashine yetu ya kudarizi. Mashine yenyewe ni ya mtumba, inachora maua na majina kwenye magauni ya harusi na majoho ya wahitimu, na programu yake ni ya siku nyingi. Mjukuu wangu alihangaika wiki nzima, akapiga simu Dar es Salaam, akaambiwa dawa ni moja tu, aondoe mfumo mpya aweke wa zamani. Basi tukamwita fundi, kijana mmoja mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Alikaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo, akachomeka flashi yake, akaanza kazi, na muda wote akawa anasifu. "Vya zamani ndivyo vyenyewe, bibi," aliniambia. "Hivi vipya ni mbwembwe tu." Nilikuwa nimerudi juzi yake kutoka Lusu, wilaya ya Nzega, kwenye msiba wa Kabula, na miguu yangu ilikuwa bado imevimba kwa safari. Mara akaacha kubonyeza, akanigeukia. "Huu mpya niufute kabisa, au niuache pembeni, ikae yote miwili humo humo?" Nikaitazama ile mashine ya kudarizi. Akadhani sijaelewa, akanirudia polepole kwa sauti ya juu, namna vijana wanavyotusemesha sisi wazee kana kwamba tumesimama ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Kazi hiyo hiyo, ya kung'oa kipya kilichokuja na mashine na kurudisha cha zamani, niliwahi kuiona ikifanywa kwa bisibisi na mikanda ya ngozi ya ng'ombe, na nilimjua mtu ambaye kwake kile kipya hakikuwa mbwembwe hata kidogo.

Habari za nyumbani kwetu naziruka. Zina wasimuliaji wake, na wengine ni waongo kuliko mimi. Naanzia siku nilipoingia karakana ya ushirika wa akina mama washonaji hapa Tabora, msichana mwenye maneno mengi ambaye mshono wake haukunyooka hata siku moja. Ulikuwa mwaka ule wa watu kuhamia vijijini. Malori yalipita barabara ya Nzega yamebeba watu, kuku, milango na vitanda, redio ilituhimiza kulima tangu alfajiri, na mvua ilikuwa imetutupa. Karakana yetu ilikuwa jengo refu la bati karibu na reli. Mchana bati lilipiga joto mpaka tukawa tunabishana nani akae dirishani. Ndani kulinuka mafuta ya cherehani, kaki mpya na jasho letu, na mpaka leo nikifungua jora la kaki nasikia njaa, kwa sababu hiyo ndiyo harufu iliyokuwa puani mwangu kila saa ya chakula ilipokaribia. Mkuu wetu alikuwa Bi Mgeni, mwanamke wa mjini hasa, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alisema bibi yake alishona merikani ya wapagazi, misafara ilipokuwa ikipumzika hapa kabla ya kwenda Ujiji. "Mji huu umejengwa kwa pembe na nguo," alipenda kutuambia. "Pembe zimekwisha. Nguo tunazo."

Cherehani zetu zilikuwa mpya, msaada wa nchi rafiki, kila moja imefungwa mota ubavuni na kijitaa juu ya sindano. Zilikuja hivyo kutoka kiwandani. Meza za chuma za cherehani zetu za zamani, zile zenye pedeli kubwa chini, tulizirundika stoo, na hakuna aliyezisikitikia. Bwana Ushirika, afisa wa mkoa aliyetuletea msaada ule, alitupa onyo moja siku ya kuzipokea: mota zisiguswe na mtu. Alikuwa mtu wa haki, mwenye shati la mikono mifupi na kikohozi kisichopona, na alisema kwa huruma kuliko kwa ukali kwamba tukiziharibu tusitegemee nyingine. Tulicheka. Nani angezigusa? Ukibonyeza mguu chini kidogo tu, sindano inakimbia yenyewe, na jioni unakwenda nyumbani magoti hayakuumi. Mimi nilizipenda kwa uvivu. Kabula alizipenda kwa sababu nyingine.

Kabula alitoka Lusu. Ugonjwa wa utotoni ulimpooza miguu yote miwili, akawa anatembea kwa magongo ya mninga aliyochongewa na baba yake, na kila aliposimama mlangoni kwanza tulisikia magongo, kisha tukasikia kicheko. Kushona alifundishwa kwa mkono na masista wa misheni. Cherehani ya pedeli hakuiweza maishani mwake. Ya mota aliiweza siku ile ile ya kwanza: kile kibonyezo kinachokaa sakafuni kwa ajili ya mguu alikiinua, akakiweka juu ya meza, akakibana kwa kiwiko cha kulia, viganja vikabaki huru kuongoza kitambaa. Bi Mgeni alisimama nyuma yake kwa muda mrefu. Alasiri aliniletea kaptula niliyoshona mimi na nyingine aliyoshona Kabula, akaziweka mapajani mwangu pamoja, akaondoka zake. Yangu niliifumua. Nilifumua nguo nyingi mwaka ule, hata wenzangu wakaniambia nitafute kazi ya kufumua, nitatajirika.

Tulipangiwa chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, nyumba ya udongo yenye ua mpana, vitanda viwili vya kamba na dirisha dogo linalotazama jikoni kwa watu wengine. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nilizojenga mwenyewe baadaye. Magongo ya Kabula yalilala ukutani upande wa kichwa chake, na akiamka alfajiri alikuwa akiyapapasa kabla ya kufungua macho. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ambao hata ukiusonga vipi unabaki na harufu ya gunia, pamoja na mlenda. Siku za neema tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo mama yake alimtumia kwa watu wa mabasi. Kabula aliichemsha na karanga za kuponda mpaka chumba kizima kikanukia. "Kula, wewe mtu wa mjini," alinitania. "Hii ndiyo pilau yetu." Mimi Mwislamu, yeye Mkristo, nikisali yeye alipunguza sauti ya nyimbo zake, akisali yeye mimi nilijitahidi kufunga mdomo, jambo lililokuwa gumu kuliko kufunga Ramadhani. Kupitia dirishani tulisikia mazungumzo ya wenye nyumba. Jioni moja mama mwenye nyumba alimwambia mumewe, bila kujua tupo, "Yule mwenye magongo anajilisha mwenyewe, alhamdulillah. Cherehani imemfanya mtu." Kabula aliendelea kuchochea moto. "Umesikia?" aliniuliza baadaye, akicheka kwa pua. "Kumbe zamani nilikuwa mbuzi."

Mvua iliyotutupa ndiyo iliyotuletea kazi kubwa: shule nyingi mpya za vijijini zilifunguliwa, wazazi hawana kitu, na serikali ikatuagiza sisi tushone sare za watoto wa mkoa mzima, ziwe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari. Na hapo hapo umeme ukaanza kukatika. Umeme wa mji ulitoka kwenye mitambo ya dizeli, dizeli ikawa adimu nchi nzima, na mtambo mmoja ukavunjika chuma ambacho hakikupatikana. Mwanzo ulikatika saa za mchana. Kisha kutwa. Kisha tukaacha kuulizana utarudi lini. Nakumbuka tulivyokaa safu mbili mbele ya cherehani nzuri zinazong'aa, majora ya kaki yamefika darini, mikono iko mapajani. Wengine walisuka ukili. Mimi nilipiga soga. Kabula alikaa na kiwiko chake juu ya kibonyezo, akikibana na kukiachia, akikibana na kukiachia, na mashine haisemi kitu.

Siku moja nilitumwa stoo kutafuta uzi, na kupitia ukuta wa mbao nikamsikia Bwana Ushirika akiongea na Bi Mgeni. "Kazi hii ikitushinda, mama, wataipeleka kwa wengine," alisema, akakohoa. "Na sisi hapa watatufunga." Bi Mgeni akamwambia kwamba meza za zamani zipo, zina pedeli zake nzima, kilichobaki ni kung'oa mota na kutafuta mikanda. Bwana Ushirika akakohoa tena. Kisha akasema, "Ukizing'oa, mimi sijaona." Nikatabasamu gizani mle, nikijua kazi imepona. Halafu akauliza, "Na yule binti wa magongo?" Bi Mgeni akajibu kwamba atashona vifungo na matundu kwa mkono. "Na vifungo vikiisha?" "Vikiisha," alisema Bi Mgeni, "nadhani atarudi kwao." Nilitoka na uzi wa rangi isiyo yake.

Nilimwambia Kabula jioni ile ile. Sikuwa na kipaji cha kuficha mambo. Tulikuwa tunachambua mchicha. Hakulia. Alisema kwao Lusu wameshahamishwa, nyumba ya baba yake imebomolewa, na katika kijiji kipya kila mtu mzima anapimiwa shamba lake na anategemewa aonekane na jembe. "Mimi nitapimiwa nini, Zuhura? Watanipimia mkeka." Akachambua mchicha ule mpaka majani mazima akawa anayachana vipande vipande, na tukala mabua.

Ni lazima nieleze desturi moja ya Bi Mgeni, kwa sababu bila hiyo mambo yangekwisha bila Kabula kuulizwa. Katika karakana yetu hakuna aliyegusa cherehani ya mwenzake. Hata kutia mafuta ilikuwa mwiko. Ikiharibika, Bi Mgeni alikuja na bisibisi, akampa mwenye cherehani mkononi, na mwenyewe ndiye alegeze skrubu ya kwanza. Baada ya hapo ndipo fundi aendelee. Alisema alirithi hilo kwa mafundi wa barazani waliomfundisha, na kwamba mtu aliyefunguliwa mashine yake na mkono wa mwingine anashona vibaya hadi kufa. Mimi nilidhani ni ushirikina wa kizee. Siku ya kung'oa mota ndipo nilipoiheshimu. Meza za chuma zilitolewa stoo, zikafutwa vumbi, fundi viatu wa sokoni akaleta mikanda aliyoikata kwenye ngozi ya ng'ombe wa Igunga, ikinuka bado, na Bi Mgeni akaanza kupita safu kwa safu na bisibisi yake. Kila mwanamke aliipokea, akalegeza skrubu moja, akairudisha. Alipofika kwa Kabula, akamnyooshea.

Kabula hakuipokea. Kila mtu aliijua hesabu: cherehani ya Kabula ikibaki na mota, itakaa bure na sare zitapungua, ikifungwa pedeli, ataikalia mwingine. Bi Mgeni hakusukuma wala hakubembeleza, alisimama tu ameinyoosha ile bisibisi. "Bi Mgeni, shikamoo," alisema Kabula hatimaye, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

"Marahaba, mwanangu."

"Nikilegeza, cherehani hii ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na kiti?"

Bi Mgeni akatutazama sisi, akarudisha macho kwake. "Kiti nacho ni cha mwenye cherehani."

"Basi mikono ninayo," akasema Kabula. "Nitafutieni miguu."

Mtu mmoja akacheka kwa wasiwasi. Bi Mgeni akauliza miguu ya nani, maana kila mwenye miguu ana mashine yake ya kuangalia. Kabula akageuka taratibu, akaninyooshea kidole mimi. "Ya Zuhura. Mikono yake haina kazi yoyote humu." Walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka, ingawa uso ulinichoma. Ilikuwa kweli tupu. Cherehani yangu akapewa mwanamke mwingine siku ile ile, na niliilegeza skrubu yake bila uchungu. Kabula akaipokea bisibisi. Nilikaa karibu naye kiasi cha kuona kwamba skrubu ile ilikuwa imekaza, na kwamba ilipolegea alifumba macho.

Tulianza vibaya. Mimi nilikaa pembeni, kiti changu kimeegeshwa upande, miguu yangu miwili nimeipenyeza chini ya meza yake kwenye pedeli. Yeye kakaa mbele ya sindano. Nilipotaka kwenda yeye hakuwa tayari, alipotaka kusimama mimi nilikuwa naangalia dirishani, uzi ukakatika, sindano ikavunjika, na vidole vyake viliponea chupuchupu. Ikabidi awe anatamka. "Twende. Taratibu. Kona. Simama." Kutwa nzima maneno hayo manne, mpaka usingizini nikawa nayasikia. Bi Mgeni alipotuona akasema hiyo ni cherehani ya mzegamzega, kama wapagazi wa zamani waliokuwa wakitundika mzigo mmoja kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma, na jina likatukaa. Baada ya muda Kabula akaacha kutamka. Sikujua ni lini. Siku moja nilishtuka tu kwamba tumemaliza kaptula nzima hatujasema neno, na kwamba mguu wangu ulikuwa unajua kona iko wapi kabla ya macho. Mimi niliyeshindwa kujifunza kushona kwa mikono nilijifunza kwa nyayo. Nilikanyaga peku, kwa sababu kwa viatu sikuusikia mshono, na chuma cha pedeli kilikuwa na michoro iliyonitoboa ngozi. Kabula alipoona damu hakusema pole. Aliokota mabaki ya kaki chini ya meza, akayashona tabaka juu ya tabaka, akaniambia niondoe miguu, akainama kwa tabu kubwa akakifunga kile kitambaa kwenye pedeli kwa uzi wa mara mbili.

Watu waliotuona walisifu. Wageni wa serikali walipoletwa kutembelea karakana walisimamishwa mbele yetu, na mmoja akasema kwa sauti ya mkutano kwamba huu ndio Ujamaa wenyewe. Mimi nilivimba kichwa. Kabula aliinamisha uso kwenye kitambaa kama anatafuta sindano iliyoanguka. Kulikuwa na mambo ambayo niliyaona bila kuyaona. Asubuhi nikichelewa, nilimkuta ameshatega nguo chini ya sindano, mikono iko juu yake, anangoja, na hakunisalimu mpaka tuanze. Nikiamka kwenda nje, alitazama ukuta. Mwezi wa mwisho nilishikwa na malaria, nikalala siku kadhaa, na yeye kila asubuhi alikwenda karakana kwa magongo yake, akakaa mbele ya cherehani yake, akarudi jioni. Niliporudi kazini mwenzetu mmoja alinieleza kwamba watu wengine walijitolea kumkanyagia, mguu wa huyu mkali, wa yule mzito, mshono ukaharibika, akawashukuru wote akawaomba wakaendelee na kazi zao. Nililipokea jambo hilo kuwa sifa yangu. Nilitembea nalo wiki nzima, nimejaa.

Sare zilikamilika Desemba. Zilifungwa mabunda na kupakiwa kwenye malori kwenda Igunga, Puge na kwingineko, na Bi Mgeni alipika wali kwa mara ya kwanza mwaka ule, tukaula kwenye sinia moja moja sakafuni kati ya cherehani. Haikupita muda mrefu kile chuma cha mtambo kikapatikana. Asubuhi moja nikiwa bado njiani nilisikia muziki wa redio ukitoka dirisha la karakana, nikajua umeme umerudi, nikaongeza mwendo. Nilipoingia, cherehani zote zilikuwa bado na pedeli zake, wanawake wanajadiliana kama kuna haja ya kubadilisha sasa hivi au baada ya chakula. Ni moja tu iliyokuwa imeshabadilishwa. Kabula alikuwa anashona. Mota iko ubavuni, kijitaa kinawaka, kiwiko kiko juu ya kibonyezo, na mkanda wa ngozi umelala sakafuni. Kiti changu kilikuwa kimesogezwa ukutani.

"Hukuningoja," nilimwambia.

"Nikungoje nifanye nini?"

"Tulikuwa tunakwenda vizuri, Kabula. Kila mtu anasema."

Akaachia kibonyezo. Mota ikanyamaza. "Wewe ulikuwa unakwenda vizuri. Mimi nilikuwa naomba. Kila mshono, naomba. Ukienda chooni, nakaa. Ukiumwa, naumwa. Unadhani nilikuwa napenda, Zuhura?" Alisema kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa. Nikamwambia maneno ya hovyo. Nilimwambia kwamba nilitoboka miguu kwa ajili yake. Akasema, "Najua," akabana kiwiko, mashine ikaanza tena, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo lililoniuma zaidi nimelijua uzeeni: hapakuwa na mbaya kati yetu. Tulibaki chumba kimoja kwa wiki chache, tukipakuliana mboga kwa adabu ya wageni. Kisha nikapata kazi ya kushona kwa Mhindi mmoja huko Mwanza, kwa kuwa sasa nilikuwa najua kushona, na Bi Mgeni akanipa mkasi wake wa zamani, akaniombea dua. Siku ya kuondoka Kabula alinifungia michembe kwenye kitambaa. Niliolewa, nikazaa, nikarudi Tabora na watoto, nikaanza kuitwa Mama Hadija, na Zuhura akafa kimyakimya bila msiba. Kabula, nilisikia, alikaa karakana mpaka ushirika ulipovunjika, akapewa cherehani yake, akahamia Nzega mjini umeme ulipofika kule, akawa fundi wa kutegemewa. Alistaafu akarudi Lusu kwa binti yake, nyaya zilipofika vijijini. Tulitumiana salamu kwa watu wa mabasi. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Habari za kifo chake aliniletea mfanyabiashara wa mchele anayepita Puge, tena kwa bahati, akiwa anajadili bei.

Fundi wa kompyuta bado alikuwa ananingoja, kidole kiko juu ya kitufe. Nilimwambia auache mfumo mpya humo humo, ikae yote miwili. Akasema utakula nafasi bure, bibi, na hakuna atakayeutumia. Nikamwambia auache. Alitikisa kichwa akafanya, na sikumweleza, kwa sababu ningelazimika kumweleza nilichokiona Lusu.

Nilifika wakiwa wameshazika. Binti yake, Neema, mwanamke mtu mzima mwenye kicheko cha mama yake hata katika kilio, alinikaribisha ndani nilipojitambulisha kuwa ni Mama Hadija, fundi wa Tabora, niliyewahi kufanya kazi na marehemu. Akanionyesha chumba. Magongo ya mninga yalikuwa ukutani upande wa kichwa, yamebadilika rangi pale viganja viliposhika. Na cherehani ilikuwa pale dirishani, imefunikwa kanga. Neema akaifunua. Mota ubavuni, kibonyezo juu ya meza kimelainika kwa kiwiko cha miaka mingi. Nilitaka kugeuka nitoke, ndipo nikaona chini. Meza ilikuwa ile ile ya chuma, na pedeli ilikuwepo. Haikuwa na mkanda, haikuunganishwa na kitu chochote. Juu yake pamefungwa kitambaa cha kaki, tabaka juu ya tabaka, kwa uzi wa mara mbili, na ile kaki ilikuwa mpya.

"Hicho alikuwa anakibadilisha kila kikichakaa," Neema aliniambia. "Hata mwaka huu, anaumwa vile, alituinamisha sisi tumfungie. Mara nyingi tulitaka kuitoa hiyo pedeli, mama, magongo yake yalikuwa yanaigonga kila siku. Alikataa kabisa."

"Alisema nini?"

"Alisema hapo ni pa Zuhura." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Huyo Zuhura sisi hatujawahi kumwona."

Nilivuta kiti, nikakiegesha upande. Nikavua viatu.